Wenye Jina Hili Ni Wangapi

Ainabkoi,
14 Machi 2016

Kipyego,

Bahasha hii utaletewa na Khisa, dereva wa lori la maziwa. Usimcheleweshe kwa hadithi zako, maziwa yataharibika na lawama itakuwa yangu. Ndani mna karatasi thelathini na moja. Ni programu za Kidato cha Pili, zimeandikwa kwa kalamu. Cheka umalize, kisha uendelee kusoma.

Shule yetu ina kompyuta moja. Iko ofisini kwa mwalimu mkuu, imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na juu yake pamewekwa kombe la mbio za nyika. Somo la kompyuta nalifundisha ubaoni. Watoto wanaandika programu kwenye karatasi, nami nazipitia moja moja nikijifanya mashine. Nimechoka kuwa mashine. Nakuomba uziendeshe kwenye kompyuta yako, uandike chini ya kila moja kile ilichojibu, unirudishie Ijumaa.

Na kuna jambo la pili. Nina msichana anaitwa Brenda, hesabu ananishinda hata mimi. Lakini maneno ya Kiingereza ya programu anayakariri tu kama namba za simu za watu asiowajua. Jana ameniuliza, "Mwalimu, kwani hii mashine haiwezi kuambiwa tu?" Wewe uliyemaliza chuo na bado umeng'ang'ania chumba chako Kesses utadhani chuo kitafungwa ukiondoka, hebu nijibie. Haiwezi kuambiwa?

Baba anakusalimia. Anauliza kama lile koti alilokupa siku ya mahafali bado unalivaa.

Kabura Mungai


Kesses,
29 Machi 2016

Mwalimu,

Mwambie Mzee koti ninalo, na kwamba jirani yangu ameshaniomba mara mbili nimwazime aendee interview. Nimekataa.

Karatasi zako nimezichapa zote na kuziendesha. Ishirini na sita zimekataa. Za Brenda zimekubali.

Ulichouliza nimekijaribu wakati wa Pasaka. Mwanzoni nilifikiri ni kazi ndogo, kutafsiri maneno tu. Nikaandika programu inayosoma sema, weka, kama na rudia, inayageuza kuwa ya Kiingereza halafu inaipa kompyuta. Ikafanya kazi. Lakini nilipoitazama vizuri nikaona bado ni Kiingereza, kimebadilishwa nguo tu. Kijana wako mmoja ameandika "rudia mpaka maji yaishe." Mwingine ameandika "kama Brenda hayupo, mngoje." Mashine haikuwaelewa hata kidogo, na mimi nilikuwa nimewaelewa kabisa.

Kwa hiyo nimetupa yote na kuanza upya. Safari hii kitabu changu cha sarufi ni karatasi zako, hasa zile ishirini na sita zilizokataa. Jinsi watoto wanavyoagiza ndivyo lugha itakavyokuwa. Ikishindwa haitasema eti kuna kosa la nini sijui mstari wa tatu. Itasema: "Mstari wa tatu sijauelewa. Ulitaka nifanye nini?" Hiyo ni sauti yako, nimeiazima bila ruhusa.

Nimeiita Kiagizo. Ukiona jina ni baya, lete lako.

Emmanuel Kipyego


Ainabkoi,
11 Juni 2016

Kipyego,

Jina si baya. Watoto wanasema "tuna somo la Kiagizo" na wanatembea vifua mbele. Mwalimu mkuu ametoa kile kitambaa. Kombe limehamia dirishani.

Lakini kuna mahali umekosea, na si kosa lako, ni la kwenu. Juzi nimewapa zoezi la kuandika watu wa nyumbani na umri wao. Gikonyo akamwandika babu yake, miaka sabini na nane. Akaandika wengine, mwisho akajiandika mwenyewe. Programu yake ikatoa babu mwenye miaka kumi na sita. Darasa zima lilicheka mpaka mwalimu wa darasa jirani akaja kuchungulia.

Kiagizo kinadhani jina moja ni mtu mmoja. Ukiweka jina ambalo lipo, kinafuta kilichokuwepo na kuandika kipya juu yake, kimya kimya. Kwenu mtoto aliyezaliwa asubuhi ni Jemutai, wa safarini ni Jeruto, kisha kila mmoja anafuatwa na jina la baba yake. Kwetu Wakikuyu majina hayatoki nje ya boma. Kijana wa kwanza lazima achukue jina la baba ya baba yake. Baba ni Mungai Githinji. Kaka yangu ni Githinji Mungai. Siku akipata kijana, huyo atakuwa Mungai Githinji, herufi kwa herufi kama Baba, mpaka kwenye kitambulisho. Mashine yako itamfuta mmoja wao bila hata kukohoa.

Nataka iulize. Ikikuta jina lipo, isimame na iseme: "Wenye jina hili ni wangapi?" Ukijibu mmoja, iandike juu ya ile ya zamani. Ukijibu wawili, ifungue ukurasa mpya. Ni swali rahisi, hata mtoto wa nasari atalijibu.

Kabura


Kesses,
20 Agosti 2016

Mwalimu,

Swali lako limeingia kama ulivyoliandika, neno kwa neno. Limenichukua wiki sita, maana ilibidi nibomoe msingi wa jinsi Kiagizo kinavyoshika majina. Jeruto, dada yangu, aliyekuja kunitembelea, aliuliza kama ninaumwa. Nilimwambia ni Wakikuyu wameniingia kichwani.

Nimeongeza pia kumbukumbu. Kila swali ambalo Kiagizo kinauliza, na kila jibu kinalopewa, kinaandika pembeni pamoja na tarehe na saa. Hakuna anayeiona isipokuwa anayejua pa kuitafuta. Inanisaidia kujua watoto wako wanakwama wapi.

Kipyego


Ainabkoi,
17 Februari 2018

Kipyego,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo soma ukiwa umeketi.

Tumetoka kwenye mashindano ya shule pale Eldoret. Tumekuwa wa mwisho. Brenda aliandika programu ya kupanga ratiba ya madarasa, nzuri kuliko zote, lakini kila alipoingiza jina la mwalimu lililokwisha tajwa, mashine ilisimama na kumuuliza wenye jina hili ni wangapi. Mara arobaini na moja. Mmoja wa waamuzi akasema kwa sauti kwamba hii lugha ina maswali kama mama mkwe. Watu wakacheka. Brenda amelia kutoka mjini mpaka Ainabkoi.

Liondoe hilo swali. Najua ni langu. Nimekosea, liondoe.

La kufurahisha ni kwamba Shiko, mke wa kaka yangu, amejifungua kijana tangu Novemba. Mungai Githinji mdogo. Kwa desturi namwita Baba, na yeye hana hata jino moja. Baba mkubwa hatembei siku hizi, anaelea. Anambeba dukani, anamweka juu ya kaunta kati ya mizani na mikate, na kila mteja lazima amsalimie kabla ya kuuziwa.

Kabura


Eldoret,
9 Machi 2018

Mwalimu,

Pole kwa Brenda. Kwenye toleo la shule nimeliondoa.

Kama unavyoona, nimehama Kesses. Nina ofisi ndogo hapa mjini, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mbegu. Kuna zahanati ya mtu binafsi huko kwenu Cheptiret wanataka daftari la wagonjwa kwenye kompyuta. Nitaliandika kwa Kiagizo. Sista, yule muuguzi wao, anaweza kulisoma mwenyewe na kurekebisha neno bila kuniita. Hakuna lugha nyingine inayoweza kumfanyia hivyo, Mwalimu. Hapo, kuhusu lile swali lako, nitaona kama libaki.

Mpe mdogo salamu, na mkubwa pia.

Kipyego


Ainabkoi,
2 Oktoba 2021

Kipyego,

Leo nimejivunia kitu ambacho huwa sikisemi.

Mtoto wa Githinji alipelekwa pale zahanati na kidonda cha koo. Wamalwa, yule daktari wao kijana, akamdunga penisilini, na kabla hajafika mlangoni uso ulikuwa umevimba, macho hayaonekani, anatafuta hewa. Wamalwa alimwokoa, Mungu ambariki. Halafu akaketi kwenye kompyuta na kuandika mbele ya Shiko: Mungai Githinji, mzio: penisilini, asidungwe kamwe. Shiko alinisimulia kwa simu. Alisema, "Sasa hata mimi nikienda mbali, mashine inajua."

Shiko anaondoka Januari kwenda Qatar, kazi ya nyumba. Githinji naye yuko na malori wiki nzima. Mtoto atabaki na Baba na Mama. Wanapendana vibaya hao wawili wenye jina moja. Wamalwa pia anahama, amepata kazi Kitale. Lakini kama Shiko alivyosema, imeandikwa.

Kabura


Cheptiret,
3 Mei 2023

Kipyego,

Tumemzika jana. Ulituma ujumbe, nimeuona. Simu nimeiweka mbali, sauti yangu haifiki mwisho wa sentensi. Kwa kalamu naweza.

Ilikuwa nimonia, mvua hizi. Baba ndiye aliyempeleka. Sista Jemutai akafungua kompyuta, akamuuliza Baba kama kuna dawa inamkataa mtoto. Baba hakujua. Siku ile ya koo alikuwa sokoni, na sisi wengine tulimficha mambo mengi ili asipande presha. Akajibu, "Angalia kwa kompyuta, kila kitu kiko huko." Jemutai akaangalia. Palikuwa pameandikwa: mzio, hakuna. Akamdunga penisilini. Walipomkimbiza hospitali hawakufika hata barabara kuu.

Alikuwa na miaka mitano na nusu. Alikuwa amejifunza kuandika jina lake, na aliliandika kila mahali, mpaka kwenye magunia ya dukani.

Nieleze ilikuwaje. Ile ilikuwa imeandikwa. Nilikuandikia mwenyewe kwamba imeandikwa.

Kabura


Eldoret,
9 Mei 2023

Kabura,

Chochote nitakachosema hakitoshi. Nilikuwa nyuma kabisa siku ya mazishi, karibu na ua. Sikuthubutu kumsalimia Mzee.

Kuhusu daftari, nipe muda. Mashine hufanya ilivyoambiwa. Pengine kuna mtu aliandika vibaya. Sijui bado.

Kipyego


Cheptiret,
21 Mei 2023

Kipyego,

Jemutai ameshikwa. Yuko rumande Eldoret. Polisi wameona kwamba siku ile ile ya sindano alibadilisha umri kwenye ukurasa wa mtoto, ukatoka sabini na moja ukawa mitano. Wanasema alikuwa anaficha ushahidi. Yeye anasema alidhani ni kosa la kuchapa.

Sabini na moja ni umri wa Baba. Kwa hiyo sihitaji muda wako, nimeshaelewa. Baba alikwenda pale Januari kwa ajili ya presha, akaandikwa. Ukurasa wake uliandikwa juu ya ule wa mtoto. Umri, mzio, kila kitu. Naomba unijibu neno moja tu: swali lilikuwepo au halikuwepo?

Hapa hali si nzuri. Watu wameanza kusema kwa nini sista awe wa upande ule na mtoto awe wa upande huu. Vijana wamevunja dirisha la zahanati. Wale wa upande wa Jemutai nao wamepita dukani kwetu, wakasimama, hawakununua kitu, wakaondoka. Mama ameanza kufunga vyombo kwenye magunia kama mwaka ule wa ghasia za uchaguzi.

Kabura


Eldoret,
30 Mei 2023

Kabura,

Halikuwepo. Uliniambia niliondoe, nikaliondoa kote, shuleni na zahanati. Ningepaswa kuliacha zahanati. Kosa ni langu, si lako, na si la mtu mwingine yeyote. Nakuomba liishie hapo.

Kipyego


Ainabkoi,
16 Septemba 2023

Kipyego,

Kama kosa ni lako, mbona aliye ndani ni Jemutai?

Nimekupigia, hukushika. Nimekuja mjini, nimepanda ghorofa zako tatu, karani wako akasema umesafiri, na koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Wakili wa Jemutai ameniambia amekuita mara tatu ueleze jinsi daftari linavyofanya kazi, na mara tatu umetoa udhuru. Kesi itasikilizwa Novemba. Bila wewe kusema swali halikuwepo, hakimu ataona sista aliyebadilisha umri wa maiti, basi.

Nilikwenda kumwona rumande. Ndiyo, mimi, shangazi ya marehemu. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Ana mtoto wa miaka mitatu anayelelewa na nyanya yake. Aliniuliza kama Mzee anakula. Nikamwambia hali, kwa sababu ndio ukweli. Baba amekonda mpaka mkanda umepitiliza tundu la mwisho. Anaketi dukani na mlango umefungwa nusu. Anajilaumu kwa kuchelewa kumpeleka mtoto. Namwambia hukuchelewa, na anatikisa kichwa.

Nimesikia pia kwamba zahanati kumi na nne zaidi zinataka Kiagizo, na kwamba hilo ndilo linalokufunga mdomo. Sikutaka kuamini. Nilikujua ukiwa huna hata sufuria. Umekula kwetu miaka minne, na Baba hakuwahi kukuuliza wewe ni wa kabila gani. Ukinyamaza Novemba, usiniandikie tena.

Kabura


Eldoret,
2 Novemba 2023

Kabura,

Nitasema yote mara moja, maana nikianza kuyachagua nitanyamaza tena.

Nilikudanganya. Swali sikuliondoa zahanati. Lilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Unaikumbuka ile kumbukumbu niliyoiongeza zamani, inayoandika kila swali na kila jibu? Siku iliyofuata mazishi nilikwenda Cheptiret nikaichukua nakala, kabla polisi hawajabeba kompyuta. Nimeibandika hapa chini. Hakuna mwingine aliyewahi kuisoma.

12 Januari 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi. Mwandikaji: Jemutai. Jina: Mungai Githinji. Swali: Wenye jina hili ni wangapi? Jibu: 1.

Nilimwendea Jemutai rumande mara moja, mwezi wa sita. Hukumbuki majibu ya kila mtu unapohudumia sitini kwa siku, lakini hilo alilikumbuka kidogo. Alisema alimsomea mzee mmoja wa kofia, "Mzee, hapa inauliza wenye jina hili kwenu ni wangapi." Mzee akageuka kwanza akatazama mlangoni kama kuna mtu anasikiliza. Kisha akasema mmoja. Jemutai hakuona ajabu. Hakujua kwenu kuna mwingine. Yeye ni wa kwetu, na kwetu mtu akisema mmoja ni mmoja.

Mimi nilikula kwenu. Siku moja, nikiwa mwaka wa pili, nilimuuliza Mzee ana watoto wangapi. Akanijibu, "Wapo," akanimiminia chai. Baadaye mama yako akanieleza jikoni kwamba watoto hawahesabiwi kwa mdomo, ni kama kuwaonyesha kwa kifo. Nililijua hilo, Kabura. Nililijua na nikaandika swali lako kwenye mashine neno kwa neno, na halikunijia akilini hata mara moja.

Mzee hakusema uongo. Alikuwa anamficha mtoto.

Sasa unaelewa kwa nini nilikuambia kosa ni langu, na kwa nini sikuweza kwenda kulisema kortini. Nikisimama pale wakili wa serikali ataomba kumbukumbu, na Mzee ataisikia ikisomwa mbele ya watu. Hizo zahanati kumi na nne, sitakuambia sikuzifikiria. Nilizifikiria. Lakini nilimfikiria yeye kwanza, na kila nilipomfikiria nilimsahau Jemutai. Ni rahisi kumsahau mtu aliye ndani.

Karatasi hii ni yako. Ukiichoma, sitauliza, na nitatafuta njia nyingine ya kumtetea Jemutai, ingawa siijui. Ukitaka niipeleke, nitaipeleka na nitasimama.

Emmanuel


Cheptiret,
2 Desemba 2023

Emmanuel,

Umeshasikia Jemutai ameachiliwa. Nimemwona stendi Alhamisi akiwa na mtoto wake mgongoni. Tulisalimiana, hatukuongea. Lakini siku ile ya kortini wewe ulikuwa nje na mashahidi wengine, na ilipofika zamu yako ya kuingia Baba alikuwa amekwisha maliza. Wakili hawezi kukueleza ilivyokuwa. Nitakueleza mimi, kisha sidhani kama nitaandika tena kwa muda.

Nilikaa na karatasi yako siku sita. Siku mbili za kwanza nilikuchukia. Tatu zilizofuata nilikuwa nayo jikoni karibu na moto kila nilipopika, na nakwambia wazi kwamba kilichonizuia si wema. Niliogopa tu kwamba nikiichoma nitaendelea kuijua. Lile swali ni langu. Nilikaa chini nikaliandika, mimi niliyelelewa na nyanya ambaye hakuwahi kutuhesabu hata wakati wa kugawa viazi. Nilikuwa mwalimu mwenye umri wa miaka ishirini na sita, nilidhani mambo hayo yamezikwa naye. Hata mtoto wa nasari atalijibu, ndivyo nilivyokuambia.

Siku ya sita nilimsomea Baba stoo, nyuma ya duka. Nilimsomea taratibu, tarehe, saa, swali, jibu. Alikuwa ameshika kofia. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Kisha akasema, "Nilijua si vizuri kuulizwa hivyo. Nikasema mmoja ndio kijana asiingie kwa hesabu. Nilikuwa namficha." Nikamwambia najua, Baba. Akauliza kama yule msichana ana watoto, nikamjibu anaye. Akasema basi tutaenda, akaniagiza nimpigie pasi shati.

Githinji alijua siku ile ile, nilimwambia mimi. Hakumpigia Baba kelele, ingekuwa afadhali. Amehama, amechukua chumba huko Burnt Forest, na vitu vya mtoto amevibeba vyote. Shiko alipiga simu kutoka Qatar akaomba kuongea na Baba. Baba alisikiliza muda mrefu akarudisha simu. Sijui aliambiwa nini. Mama amefungua magunia. Hakuna tena wa kuvunja madirisha, maana sasa watu wa pande zote mbili wanatuhurumia, na wanapita upande wa pili wa barabara.

Zile zahanati nyingine, waambie ukweli kabla hawajasaini. Kila mgonjwa apewe namba, na lile swali lisiulizwe mtu yeyote tena. Watoto wa Kidato cha Pili bado wananiletea karatasi zao. Zimelala mezani. Sijaweza kuzisoma.

Kortini walimpa Baba kiti, akakataa. Wakili wa serikali alikuwa kijana mpole tu, hakutaka kumuumiza. Alimsomea kumbukumbu yako, akamuuliza kama anakubali kwamba ndivyo alivyojibu. Baba akakubali. Jemutai alikuwa kizimbani ameinamisha kichwa. Kisha kijana akasema kuna jambo lazima liandikwe kwenye rekodi, kwa hiyo anaomba radhi, lakini atamuuliza Mzee swali lile lile, ajibu kwa mdomo wake ili mahakama isikie. Wenye jina la Mungai Githinji, nyumbani kwako, ni wangapi?

Baba alitazama mlangoni. Hata Jemutai aliinua kichwa akamtazama akitazama. Nilidhani hatajibu, na sijui hata sasa kama nilikuwa naomba ajibu au asijibu.

"Walikuwa wawili," akasema.

Hakimu aliandika. Aliposimamisha kalamu, Baba alikuwa bado hajamaliza.

"Sasa andika mmoja."

Kabura Mungai